Unamsafisha Mbwa Wako kwa Kitu Gani?

Somo letu la leo linamhusu mwenzetu mmoja anayelala nje, anatulinda usiku kucha, na asubuhi hana wa kumwuliza ameamkaje. Ni mbwa wa nyumbani.

Najua wapo watakaosema, "Mbwa tena? Si gazeti la afya hili?" Ndiyo, ni la afya, na ndiyo sababu tunalizungumza jambo hili hapa. Katika nyumba nyingi kazi ya kumsafisha mbwa huangukia kwa kijana wa shule. Mzazi anasema, "Huyo mbwa ananuka, kamsafishe," basi, imetoka hiyo. Hakuna anayesema amsafishe kwa kitu gani. Kijana anaangaza macho huku na huku: kuna jiki kwenye ndoo, kuna mafuta ya taa, kuna dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyobaki kwenye chupa ya soda. Atakachokishika ndicho kitakachoamua kama mbwa atatoka msafi au atatoka mgonjwa. Tena hataumia mbwa peke yake. Mdogo wako wa miaka mitatu anayemkumbatia mbwa huyo, halafu anakwenda kula ugali kwa mkono uleule, naye yumo.

Haya, tuanze.

KWANZA, IJUE NGOZI YA MBWA

Watu wengi hufikiri kwamba mbwa, kwa kuwa ana manyoya na analala kwenye vumbi, basi ana ngozi ngumu. Kumbe sivyo. Mfunue manyoya tumboni uone. Tabaka la juu la ngozi yake ni jembamba kuliko lako. Manyoya ndiyo yanayomkinga, ngozi yenyewe ni laini.

Jambo la pili ni la kemia. Unakumbuka somo la asidi na besi? Kipimo cha pH huanzia 0 hadi 14, na 7 ndiyo katikati. Ngozi ya binadamu ina tindikali kidogo, kwenye 5 hivi. Ngozi ya mbwa iko karibu zaidi na 7. Kwa hiyo kilichotengenezwa kwa ajili ya ngozi yako si lazima kiifae ngozi yake. Na mche wa sabuni ya kufulia, wenye pH ya 9 hadi 10, ni mkali kwenu nyote wawili. Wewe ukifua sana mikono hukauka na kuwasha. Sasa fikiria mwili mzima.

Jambo la tatu ndilo kubwa kuliko yote: mbwa hujilamba. Hana taulo wala kioo, ulimi ndio kitana chake na ndio kitambaa chake. Ukimpaka kitu saa nne asubuhi, ikifika saa nne na nusu sehemu yake imeshaingia tumboni. Yaani chochote unachompaka mbwa, unamlisha.

Kutokana na hilo tunapata kanuni moja ambayo ningependa uiandike kwenye daftari lako: USIMPAKE MBWA KITU AMBACHO HUNGEKUBALI AKILAMBE. Mengine yote katika somo hili yanafuata hapo.

VITU AMBAVYO HAVIFAI KABISA

Tuvipitie kimoja kimoja, maana vingi viko nyumbani kwenu hivi sasa.

1. Mafuta ya taa. Watu huyatumia kuua viroboto. Kweli kiroboto anakufa, lakini ngozi inaungua na kubabuka. Mbwa akiyalamba na akatapika, mafuta huweza kuingia kwenye mapafu na kumletea homa ya mapafu.

2. Oili chafu ya gari. Hii hupakwa mbwa mwenye upele. Oili iliyokwishatumika ndani ya injini ina mabaki ya madini kama risasi na kemikali nyingine za sumu. Upele hauponi kwa oili. Unachokiona ni manyoya yaliyolala na ngozi inayong'aa, wadudu wa upele wamo ndani ya ngozi wanaendelea na maisha yao.

3. Jiki na dawa nyingine za kung'arisha nguo nyeupe. Huunguza ngozi, macho na ulimi. Kazi yake ni kwenye sakafu na nguo.

4. Dawa za kuua vijidudu, zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia kwenye maji. Zikiwa kali huchoma ngozi, na mbwa akizilamba huumia mdomo na tumbo. Kwa paka ndiyo hatari zaidi, kwa sababu ini la paka haliwezi kuzivunja vizuri kemikali za jamii hiyo.

5. Spiriti na vitakasa mikono. Spiriti hukausha ngozi, huwasha kwenye mchubuko, na mbwa akilamba nyingi hulewa kwa namna inayoweza kumwua.

6. Ugoro na maji ya tumbaku. Dawa ya wazee hii, na wazee tunawaheshimu, lakini nikotini ni sumu. Hupenya kwenye ngozi na humwathiri mbwa, na wewe unayempaka pia.

7. Dawa ya kuogeshea ng'ombe uliyoikadiria kwa macho. Hii ina habari ndefu, tutaifikia.

VITAMBAA VYA PAKITI: VIPI VINAFAA?

Siku hizi madukani kuna vitambaa vyenye unyevu, vile vya kwenye pakiti ambavyo kina mama hufutia watoto wachanga. Mijini utakuta na vya mbwa kabisa, vyenye picha ya mbwa juu. Vinarahisisha kazi: unavuta kimoja, unafuta miguu iliyokanyaga matope, unafuta tumbo, umemaliza bila kubeba ndoo. Lakini usinunue picha, nunua kilichoandikwa nyuma ya pakiti. Maandishi mengi ni ya Kiingereza na herufi zake ni ndogo, kwa hiyo Kiingereza chako cha darasani kitakufaa hapa. Tafuta haya:

Manukato. Pakiti ikiandika "fragrance" au "parfum", ina manukato. Harufu hiyo ni ya kukufurahisha wewe, mbwa haihitaji. Pua yake ina nguvu kuliko yako mara nyingi sana, na manukato ni moja ya vitu vinavyoongoza kwa kuwasha ngozi. Chagua isiyo na manukato.

Spiriti. Angalia maneno "alcohol", "ethanol", "alcohol denat" au "isopropyl alcohol". Ukiyaona, iache. Ila usikimbie kila neno lenye "alcohol" ndani yake: "cetyl alcohol", kwa mfano, ni aina ya mafuta ya kulainisha, haikaushi kama spiriti.

"Xylitol". Hii ni sukari inayotiwa kwenye bazoka, dawa za meno na baadhi ya vitambaa hivi. Kwako wewe haina neno. Kwa mbwa ni sumu: akiimeza, sukari katika damu yake hushuka ghafla, na ini linaweza kuharibika.

"Tea tree oil". Mafuta haya ya mti wa Australia husifiwa kuwa ni ya asili. Asili si kinga, hata nyoka ni wa asili. Mafuta haya yakiwa makali humfanya mbwa atetemeke, alegee miguu na kushindwa kutembea.

Dawa ndani ya kitambaa. Vipo vyenye kloheksidini, dawa ya kuua bakteria na fangasi. Ni nzuri, lakini ni ya mbwa mwenye tatizo la ngozi, na ni vizuri daktari wa mifugo aseme kwanza. Isiguse macho, wala isiingie ndani ya sikio lenye ngoma iliyotoboka.

Sasa swali ninalolisikia mara nyingi: vya watoto wachanga je? Kufuta miguu yenye matope mara mojamoja kwa kitambaa kisicho na manukato, spiriti wala "xylitol" hakutamdhuru mbwa mwenye ngozi nzima. Lakini usivifanye ndiyo kuoga kwake kwa kila siku. Na baada ya kumfuta, pitisha kitambaa chenye maji matupu ili mabaki yatoke.

Mambo mawili ya mwisho kuhusu pakiti. Kwanza, vingi vya vitambaa hivi vina nyuzi za plastiki ndani, haviozi. Usivitupe chooni, vitaziba bomba, wala usiviache uwanjani, mbwa anaweza kumeza kimoja kikakwama kwenye utumbo. Pili, kitambaa hakiui kupe wala hakiponyi upele. Kinaondoa uchafu tu. Mwuzaji akikuambia vinginevyo, mwulize dawa gani iko ndani.

HUNA HELA YA PAKITI? USIJALI

Ukweli ni kwamba kitambaa bora kuliko vyote ni fulana kuukuu ya pamba na maji safi ya uvuguvugu. Haina manukato, haina spiriti, mbwa akilamba amelamba maji. Fanya hivi:

1. Kata fulana vipande vya ukubwa wa leso. Vifue, vichemshe, vianike juani. Hivyo ni vya mbwa tu, visichanganywe na vya jikoni.

2. Chagua saa ambayo jua lipo lakini si kali, ili manyoya yakauke. Mfunge mbwa kwa kamba kivulini. Zungumza naye taratibu. Kama anakoroma na kuonyesha meno, mwache, utafanya kesho pamoja na mtu mzima anayemzoea.

3. Mchane kwanza kwa brashi au kitana cha zamani. Vumbi na manyoya yaliyokufa yatoke yakiwa makavu. Wakati huohuo tafuta kupe: ndani ya masikio, shingoni, kwapani na katikati ya vidole.

4. Futa macho kwa kipande kimoja chenye maji matupu, kuanzia kona ya ndani kwenda nje. Kipande kingine kwa uso na nje ya masikio. Usiingize maji wala kijiti ndani ya sikio.

5. Futa mgongo, kifua, tumbo, kisha miguu. Fuata manyoya yanakolala. Chunguza nyayo, maana funza wanaoingia vidoleni mwa watu huwaingia mbwa vilevile, na kutoka hapo husambaa uani.

6. Sehemu ya nyuma, chini ya mkia, iwe ya mwisho, na kipande chake kisirudi popote pengine.

7. Mkaushe kwa nguo kavu. Ngozi inayobaki na unyevu ndiyo inayozaa fangasi na harufu.

8. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Hii si hiari.

Sabuni je? Mbwa mwenye afya akioshwa kwa sabuni mara moja kwa mwezi, au akijipaka kinyesi au mzoga, inatosha. Iliyo bora ni shampuu ya mbwa. Ikikosekana, shampuu ya watoto wachanga kidogo tu, halafu msuuze mpaka maji yatoke bila povu. Sabuni inayobaki kwenye manyoya ndiyo itakayomwasha kesho.

HABARI YA DAWA YA KUPE

Hapa ndipo wengi huharibu. Dawa za kuogeshea ng'ombe huuzwa zikiwa kali sana, na unatakiwa uzichanganye na maji mengi. Chukua mfano wa dawa ya ng'ombe ambayo lebo yake inasema mililita 2 kwa lita 1 ya maji. Sasa mtu hana kipimo. Anachukua kifuniko cha soda, anajaza, anamimina. Kifuniko kile hubeba zaidi ya mara mbili ya mililita 2. Akisema "niongeze kidogo, hawa kupe ni sugu," akatia vifuniko vinne, amepita kipimo cha ng'ombe mzima mara nane au zaidi. Na huyu ni mbwa wa kilo 12, mwenye ngozi laini, ambaye atajilamba.

Baadhi ya dawa hizo ni za jamii ya oganofosfeti. Hizi huzuia kimeng'enya kinachozima ujumbe wa mishipa ya fahamu. Ujumbe ukishatumwa hauzimiki, misuli inaendelea kuitikia. Ndiyo maana mnyama, au mtu, anatoa mate mengi, anatoa machozi, anaharisha, anatetemeka, mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, na mwisho anashindwa kupumua. Amitrazi ni dawa nyingine: ikizidi, mbwa anasinzia, analegea na mapigo ya moyo yanapungua. Na zipo dawa za mbwa zenye pemethrini kali ambazo mbwa anazivumilia lakini zinaweza kumwua paka wa nyumba hiyohiyo.

Kwa hiyo dawa ya kupe nunua kwenye duka la dawa za mifugo, yenye lebo inayomtaja mbwa, ikiwa kwenye chupa yake yenyewe. Usikubali kupimiwa kwenye chupa ya soda: mtoto mdogo anajua chupa ya soda ina soda. Mazungumzo yawe hivi:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikusaidie nini?"

"Naomba dawa ya kupe na viroboto. Ni ya mbwa, mama, si ya ng'ombe."

"Ana ukubwa gani?"

"Ana kilo kumi na mbili hivi, umri wake mwaka mmoja. Na nyumbani tuna paka na mtoto mdogo."

"Vizuri umesema. Hii hapa basi ina picha ya mbwa na imeandikwa kilo."

"Ahsante, mama. Nichanganye na maji kiasi gani? Na tukae muda gani kabla ya mtoto kumgusa?"

"Subiri nikusomee, halafu nikupe na bomba la sindano la kupimia."

Umeona? Kijana amesema mnyama gani, uzito, umri, na nani wengine wanaishi nyumbani, kisha ameuliza kipimo na muda wa kusubiri. Kama mbwa ni mjamzito, ananyonyesha, au ni kitoto, sema pia. Akikujibu "weka tu kwa kukadiria," mshukuru kwa heshima, nenda kwa afisa mifugo wa kata yenu.

IKITOKEA AMEDHURIKA

Dalili ni mate kumtoka mfululizo, kutapika, kuharisha, kutetemeka, kuyumba, ngozi kuwa nyekundu au kubabuka. Usisubiri kesho.

Vaa glovu au mifuko ya plastiki mikononi. Mwoshe kwa maji mengi ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, umsuuze vizuri. Mzuie asijilambe. Usimlazimishe kutapika, hasa kama ni mafuta ya taa. Usimnyweshe maziwa wala mafuta ya kula kwa nguvu, yanaweza kwenda mapafuni. Mpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na chupa ya dawa, maana kwenye lebo ndiko anakosoma tiba.

Kama ni mtu aliyemwagikiwa, vua nguo zilizolowa, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, na muwahi hospitali mkiwa na chupa hiyo mkononi.

NA AFYA YAKO JE?

Unapomfuta mbwa unajikinga na wewe, ukifanya vizuri. Mayai ya minyoo ya mbwa hukaa kwenye manyoya, hasa sehemu ya nyuma. Kuna tegu mmoja mdogo wa mbwa ambaye mayai yake yakimwingia mtu huota uvimbe mkubwa uliojaa maji kwenye ini au mapafu. Ugonjwa huo umewatesa sana watu wa Turkana, kaskazini mwa Kenya, na upo pia kwa jamii za wafugaji Tanzania. Mbwa anaupata kwa kula mapafu na maini mabichi yenye malengelenge ya maji kutoka machinjioni. Usimpe. Na mpe dawa ya minyoo kwa ushauri wa afisa mifugo. Upele wa mbwa nao huweza kukuwasha kwa muda ukimshika sana, na baadhi ya fangasi wanaoleta mabaka ya duara hupita kwenda kwa watu.

Kubwa kuliko hayo ni kichaa cha mbwa. Dalili zake zikishaanza kwa mtu, karibu wote hufa. Mbwa achanjwe kuanzia umri wa miezi mitatu, halafu kila mwaka. Shirika la Afya Duniani linasema mbwa wasiopungua asilimia 70 katika eneo wakichanjwa, ugonjwa unazuilika. Kila mwaka tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, yule mwanasayansi aliyetengeneza chanjo ya ugonjwa huo. Katika siku za karibu na hapo mara nyingi kuna chanjo, sikiliza matangazo. Mbwa anayetoa mate, aliyebadilika tabia, anayeuma hovyo au kushindwa kumeza, usimsogelee kumsafisha. Toa taarifa. Ukiumwa au ukiparuzwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

MASWALI AMBAYO VIJANA HUULIZA

Mbwa wetu anajikuna hadi anatoka damu. Nimfute kwa dawa gani?

Usimfute kwa dawa yoyote kwanza. Kujikuna kuna sababu nyingi: viroboto, upele, fangasi, au mzio. Kila sababu ina tiba yake. Mfute kwa maji matupu, umpeleke kwa daktari wa mifugo. Wala msimchome sindano ya ng'ombe kwa kukadiria. Dawa ya ivemektini, kwa mfano, ikizidi hudhuru ubongo wa mbwa, na baadhi ya koo, kama collie, huathirika hata kwa kipimo kidogo.

Mwarobaini na mshubiri je? Bibi anavitumia.

Mwambie bibi, kwa adabu, kwamba utomvu wa mshubiri humharisha na kumtapisha mbwa akiulamba. Mafuta ya mwarobaini yakiwa makali hudhuru pia, na nyumbani hakuna njia ya kupima ukali wake. Kanuni yetu ni ileile.

Mimi ni Mwislamu na nyumbani tuna mbwa wa ulinzi. Nifanyeje?

Vaa glovu ndefu, msafishe akiwa mkavu kwa brashi ya mpini mrefu, na uwe na nguo maalumu ya kazi hiyo. Ukiguswa na mate, fuata taratibu za tohara ulizofundishwa. Wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ni wengi pwani, huosha mara saba, moja kwa udongo. Sabuni nayo usiiache. Ukiwa na shaka mwulize ustadhi wako. Mbwa huyo anawalinda, naye anastahili maji, chakula na huruma.

JIPIME

Jibu kweli au si kweli bila kuangalia juu.

1. Ngozi ya mbwa ni ngumu kuliko ya binadamu.
2. Kitambaa chenye harufu nzuri ndicho kinachosafisha zaidi.
3. Dawa ya kupe ikiongezwa ukali bila kufuata lebo inaweza kumwua mbwa.
4. Fulana kuukuu na maji ya uvuguvugu vinatosha kumfuta mbwa mwenye afya.
5. Mbwa akiramba mafuta ya taa, mtapishe haraka.

Majibu: 1. Si kweli. 2. Si kweli. 3. Kweli. 4. Kweli. 5. Si kweli.

Umepata yote matano? Hongera, wewe ni bomba. Umekosa mawili? Rudi juu ukasome tena, hakuna atakayekucheka.

Na leo jioni ukirudi nyumbani, kabla hata ya kumshika mbwa, fanya kazi moja ndogo: kagua pale dawa zinapowekwa. Ukikuta chupa ya soda yenye kitu usichokijua, usiinuse wala usiimwage mferejini. Mwonyeshe mzazi wako, na mwambie yule mdogo wako ataiona kabla yenu. Kinga ni bora kuliko tiba. Tuonane toleo lijalo.